Alama Chini ya Mtutu

Katika minada ya silaha za kale huko Uingereza na Marekani huwa kuna meza mbili ambazo watu wake hawasalimiani sana. Ya kwanza ina bunduki za kale zenyewe, zilizotoka vitani na kwenye maghala ya majeshi. Ya pili ina nakala: bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni, zilizoundwa miaka ya karibuni kwa mfano wa zile za zamani, ili mtu apate kulenga shabaha na kunusa moshi wa baruti bila kuharibu kitu cha makumbusho. Wa meza ya kwanza huwaona wa meza ya pili kuwa wauza sanamu. Wa meza ya pili huwaona wenzao kuwa wauza kutu. Mimi hupenda kusimama kwenye meza ya pili. Nakala ina thamani yake yenyewe, inayopimika, na kwa maoni yangu thamani hiyo huanza kupotea pale mwenyewe anapoona haya kuiita nakala.

Nichukue bunduki moja tu, Enfield ya 1853, kwa sababu ndiyo iliyoigwa sana na kwa sababu nyingine nitakayoifikia. Iliundwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza. Mtutu wake una urefu wa inchi 39, umefungwa kwenye ubao kwa makoa matatu, na tundu lake ni inchi 0.577, yaani karibu milimita 14.7. Ndani mna mifuo mitatu inayojipinda polepole kuelekea mdomoni, nayo ndiyo inayoizungusha risasi. Risasi yenyewe ilifanywa nyembamba kidogo kuliko tundu ili askari aishindilie kwa mdeki bila kuhangaika. Baruti ikiwaka, sehemu ya nyuma ya risasi hutanuka na kuikamata mifuo. Karatasi iliyofunga baruti na risasi ilipakwa mafuta, na uvumi kwamba mafuta hayo ni ya ng'ombe na nguruwe ulisaidia kuwasha maasi ya India mwaka 1857. Miaka michache baadaye, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, pande zote mbili zilizinunua kwa mamia ya maelfu.

Vita hivyo ndivyo vilivyoleta soko la nakala. Vilipotimiza miaka 100, kati ya 1961 na 1965, Wamarekani walitaka kuigiza mapigano ya mababu zao, na bunduki za kale zilikuwa ama ghali ama zimechoka, nyingine yote mawili. Val Forgett, mwanzilishi wa kampuni ya Navy Arms, alikuwa ameshakwenda Italia kutafuta mafundi, akawapata Vittorio Gregorelli na Aldo Uberti katika bonde la Val Trompia, juu ya mji wa Brescia. Walianza na bastola ya Colt ya 1851, na bunduki ndefu zikafuata. Hapa huwa napenda kuwakumbusha wa meza ya kwanza jambo moja. Gardone, mji wa bonde hilo, una hati ya mwaka 1526 inayoonyesha ghala la silaha la Venice likimlipa Bartolomeo Beretta kwa mitutu 185. Fundi wa Gardone anayedharauliwa kwa kuiga bunduki ya 1853 amerithi kazi iliyoitangulia bunduki hiyo kwa zaidi ya miaka 300.

Nakala nyingine ilitoka Uingereza kwenyewe, Birmingham. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Parker-Hale ilizitengeneza Enfield upya kwa kufuata vipimo vya asili vya serikali, vile vile ambavyo wakaguzi wa karne ya 19 walivitumia kukubali au kukataa kazi za mafundi. Hata mifuo ilichongwa kama ya zamani: kina chake huongezeka kadiri unavyoingia ndani ya mtutu. Nakala nyingi za Kiitaliano za wakati huo zilikuwa na mifuo ya kina kimoja mwanzo hadi mwisho, jambo rahisi zaidi kwa mashine. Baadaye biashara hiyo iliuzwa na kazi ikahamia Italia, jina likaenda nayo. Kwa hiyo leo zipo bunduki zenye jina la Parker-Hale zilizozaliwa Birmingham, na zipo zenye jina hilo hilo zilizozaliwa Italia. Ukizilaza pamoja, asiyejua atasema ni mapacha. Sokoni bei zake zimeachana.

Kinachozitenganisha hakionekani ukiwa umesimama mbele ya meza. Lazima makoa yafunguliwe, mtutu uinuliwe kutoka kwenye ubao, uugeuze. Chini yake, karibu na mwisho wa nyuma, ndiko zilikogongwa alama za majaribio. Birmingham ina nyumba yake ya kujaribia mitutu iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813. Kazi yake ni ya ukatili wa makusudi: mtutu hujazwa kuliko kawaida, hufyatuliwa, na ukitoka salama hugongwa chapa. Gardone nako kuna nyumba ya namna hiyo, na mitutu ya baruti nyeusi hupata herufi PN pamoja na herufi mbili za mwaka. AA ni 1975, AB ni 1976, na kuendelea, baadhi ya herufi zikirukwa. Kwa alama za ukubwa wa punje ya mchele utajua bunduki ilijaribiwa wapi, na ikiwa ni ya Italia, mwaka gani. Muuzaji aweza kusimulia atakalo. Mimi husikiliza kwa adabu, kisha huomba bisibisi.

Shemeji yangu mmoja, mzaliwa wa Tanga aliyezeekea Birmingham, ni mwanachama wa klabu ya shabaha. Ana Enfield ya Kiitaliano aliyoinunua mpya. Alijiwa na mtu mwenye Parker-Hale, akataka wabadilishane, shemeji aongeze na fedha juu. Akanipigia simu: "Shemeji, njoo unitazamie. Mimi macho yangu yameshapenda." Nikaenda, kwa kuwa macho yaliyopenda ndiyo huwatajirisha wauza bunduki.

La kwanza si la bei, ni la roho za watu: kujua kama imeshindiliwa. Bunduki hii haifunguki nyuma ukachungulia. Tuliutelemsha mdeki mpaka ukagota, nikashika kwa kidole pale ulipokutana na mdomo, tukautoa na kuulaza nje ya mtutu. Ncha yake ilifika usawa wa kichuchu kinachovikwa fataki. Ilikuwa tupu. Ingeishia vidole viwili kabla ya hapo, tungeondoka mle chumbani kwanza, mazungumzo baadaye. Tena ulipogota ulilia, chuma kwa chuma, mlio mkavu. Penye tope la baruti iliyoachwa bila kuoshwa, mdeki hugota kimya.

Kisha mtambo. Nyundo ikivutwa husimama mara mbili. Kisimamo cha kwanza ni cha usalama, na hapo ukivuta kifyatulio kwa nguvu zako zote nyundo isishuke. Haikushuka. Kisimamo cha pili kiliitika kwa mlio mzito wa springi nene, nami nikakiri moyoni kwamba Mwingereza huyu anajua kuzungumza. Mtambo wa nakala rahisi hulia kama kufuli la sanduku. Mbao ilikuwa ya mti wa jozi, na chuma kimekaa ndani yake bila upenyo. Hapo huwa nakawia. Mtutu waweza kuchongwa na mashine usiku kucha bila mtu, lakini mahali mbao inapokutana na chuma pana mkono wa mtu, na mkono mvivu huonekana: upenyo umejazwa gundi, ukingo umelainishwa kwa msasa hadi ukawa mviringo. Nakala zilizouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunge mwenyewe nyumbani ndizo mbaya zaidi kwa hili, ingawa mara moja moja hukutana na moja iliyoungwa na mtu mwenye subira, ikawashinda wa kiwandani.

Niliona pia vichwa vya skurubu za mtambo vimechubuka. Ni dogo, lakini lina habari: kuna aliyeufungua kwa bisibisi isiyo saizi yake. Mtu wa namna hiyo aliushughulikiaje mtutu?

Nilifunga kitambaa chenye mafuta kwenye ncha ya mdeki, kikiwa kimebana, nikakiingiza polepole. Kilikwenda sawasawa, mkono ukipata ukinzani ule ule, mpaka karibu na theluthi ya mwisho. Hapo kililegea ghafla, kama upana wa kidole, kisha kikabana tena. Nikarudia, ikawa vile vile. Nikampa shemeji mdeki. Alikisukuma kile kitambaa, akasimama, akanitazama, akakirudisha nyuma na kukisukuma tena. Tukaishika bunduki chini ya taa, tukapitisha macho juu ya mtutu kwa nje. Mwanga, uliokuwa umelala juu ya chuma kama mstari, ulivunjika kidogo mahali pale pale.

Ule ni uvimbe wa pete. Hupatikana kwa njia mbili. Moja, mtu hakuishindilia risasi hadi chini, akaacha nafasi kati yake na baruti. Gesi ikapata pa kujirundika kabla risasi haijaanza kwenda. Ya pili ni kutia baruti ya kisasa isiyo na moshi, ambayo shinikizo lake mtutu wa namna hii haukuumbwa kulibeba. Nakala nyingi zimechapwa juu ya mtutu onyo la Kiingereza kwamba ni za baruti nyeusi tu, na bado wapo wanaojaribu. Baruti nyeusi, ule mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, ina ubaya wake pia: majivu yake huvuta unyevu wa hewani, na bunduki isiyooshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo huamka na kutu. Kutu ya juu juu husafishika. Pete haisafishiki. Chuma kimeshatanuka, na dawa yake ni kubadili mtutu au kuutia mwingine ndani yake.

Mwenye bunduki hakuona tatizo. "Lakini ni ya Birmingham," alisema, akatugeuzia mtutu tuzione chapa. Zilikuwa za Birmingham kweli, hakudanganya hata neno moja. Tena aliongeza, na hapo alisema haki, kwamba mitutu yenye pete ndogo bado hupiga shabaha vizuri. Mingine hupiga. Alichokuwa akiuza hata hivyo kilikuwa jina, na alitaka jina lilipie uvimbe. Chapa ya majaribio inasema mtutu ulikuwa mzima siku ile ulipotoka kujaribiwa. Haisemi kilichoupata mikononi mwa watu kwa miaka 40. Nilimwambia shemeji abaki na Mtaliano wake, ambaye mifuo yake ni safi na anamjua tangu siku ya kwanza. Alikubali kwa uso wa mtu aliyeambiwa posa yake imekataliwa.

Sheria nayo ina mkono wake katika bei. Uingereza, bunduki ya kale ya 1853, ile ya asili, yaweza kuwekwa nyumbani kama pambo bila kibali, mradi haifyatuliwi. Nakala yake inahitaji cheti cha polisi hata kama mwenyewe hakusudii kuiweka baruti, kwa kuwa ni silaha iliyoundwa jana. Bunduki iliyowahi kuua watu inaning'inia juu ya meko, na ile ambayo haijatoboa ila karatasi imefungiwa kabatini. Marekani wamekwenda njia nyingine: sheria yao ya 1968 inazihesabu kuwa za kale bunduki zilizoundwa hadi mwaka 1898, pamoja na nakala zake zisizotumia risasi za kisasa, hivyo kwa sheria ya shirikisho nakala yaweza hata kuagizwa kwa posta, ingawa majimbo mengine yana masharti yao. Ndiyo maana soko lake huko ni pana. Uingereza hununuliwa na mtu ambaye tayari ana cheti, na watu hao si wengi. Chuma ni kile kile, ila ukikivusha bahari bei yake haikufuati.

Upo ulaghai ambao lazima utajwe. Baadhi ya waigizaji wa vita, kwa kutaka bunduki zao zifanane na za mababu, hufuta jina la kiwanda na kugonga alama za karne ya 19. Wengi wao hawana nia mbaya. Lakini mwenye kufuta hufa, mjane huuza, dalali hununua, na mtu wa tatu huitia tindikali kidogo, huikwaruza mbao, huiweka mahali penye unyevu, na nakala inarudi sokoni ikiwa "ya kale". Zanzibar tunaujua mchezo huu kwa milango: mbao mpya ya mwaka jana huchongwa, hupakwa masizi na tope, na mgeni huambiwa imetoka kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa enzi za Seyyid Said. Mchongaji huenda ni fundi hodari kabisa, na angelipwa vizuri kwa mlango mpya wenye jina lake. Akiusingizia uzee, hata uhodari wake anauficha. Shirikisho la kimataifa la wapiga shabaha wa bunduki hizi, MLAIC, lililoanza mwaka 1971, lina mashindano ya bunduki za asili na mashindano ya nakala, kila moja na medali zake. Hakuna anayeona haya kushinda kwa nakala.

Sasa ile sababu nyingine ya kuichagua Enfield. Mwaka 1866 Uingereza ilianza kuzigeuza bunduki hizo ziwe za kupakiwa nyuma kwa mtambo wa Snider, na majeshi mengine ya Ulaya yalikuwa katika mabadiliko hayo hayo. Maghala yakajaa silaha za mdomoni zisizo na kazi, na sehemu ya shehena hiyo ilikuja pwani yetu. Pamoja nazo zilikuja bunduki za biashara kutoka Birmingham na Liège, zilizoundwa rahisi kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, orodha yake ilikuwa na bunduki 24 za gumegume pembeni ya Winchester na Henry. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kwa mwaka. Zilikwenda Unyamwezi, zikaenda Ujiji, zikavuka ziwa hadi Manyema, na zilizolipiwa kwa pembe za ndovu zilitumika kutafuta pembe nyingine, na watu.

Mnunuzi wa Tabora hakuwa na nyumba ya majaribio. Kati ya Enfield ya jeshi na bunduki ya biashara yenye mtutu wa chuma kibovu alipaswa kuamua kwa jicho, kwa uzito mkononi, na kwa kufyatua. Kisha wakubwa wa Ulaya wakamwamulia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha zisiingie Afrika kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, ukalenga hasa bunduki zenye mifuo, na ukaacha mlango kwa za gumegume zisizo na mifuo, chini ya usimamizi wa serikali. Lengo lililotajwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na sina ugomvi na lengo hilo. Ila mkataba huo uliandika kwa wino nani atabaki na silaha duni, na wenye bunduki za mashine za Maxim walikuwa ndio waandishi.

Kutokana na mabaki ya biashara hiyo wahunzi wetu wamekuwa wakiunda magobori mpaka leo: mtutu ni bomba la maji, mtambo umefuliwa kwa kuigizia wa zamani, mbao ni ya mti wowote mgumu. Hii nayo ni nakala, na wala haiigi kwa ajili ya kumbukumbu. Nimewasikia watu wakiisifu kama ubunifu wa Mwafrika. Sifa ya mkono wa fundi naikubali. Mtutu wenyewe siusifu, kwa sababu bomba halikuumbwa kubeba baruti na hakuna aliyelijaza kuliko kawaida kabla ya kulikabidhi kwa mnunuzi. Anayelijaribu kwa mara ya kwanza ni mwindaji, shavu lake likiwa juu ya kitako.

Magobori ya kienyeji, na mara moja moja bunduki ya kale kweli iliyorithiwa tangu enzi za misafara, hukusanywa pamoja. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015, na polisi huwataka wananchi wasalimishe silaha wasizozimiliki kihalali. Zinazosalimishwa mara nyingi huishia kuteketezwa kwa moto. Siipingi sheria hiyo. Ninachoogopa ni kwamba katika rundo moja huweza kuwamo bomba la maji la mwaka juzi na mtambo wenye taji la kifalme na mwaka wa kuundwa kwake, na mwenye kiberiti asijue. Wakati huo huo nakala mpya ya Enfield kutoka Gardone huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Kwa hiyo ombi langu lina pande mbili. Polisi, kabla ya kuwasha moto, wamwite mtu wa Makumbusho ya Taifa asome bamba za mitambo. Ni kazi ya asubuhi moja. Nawe msomaji, kama darini kwenu kuna gobori la babu, toa taarifa kituoni, uombe lipigwe picha na alama zake ziandikwe kabla halijachukuliwa. Usilisugue kwa msasa, na usilifungue mwenyewe. Huenda bado limeshindiliwa.